Nani Atampa Mgeni Jembe?

Mjadala huu haukuandaliwa na mtu. Ulizuka Jumamosi jioni barazani kwa mjomba wangu, Old Moshi, kahawa ikiwa imeshamiminwa na mlima Kilimanjaro umejifunika mawingu. Mjomba ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, mtu anayejua namba za bahasha za sadaka za mtaa mzima bila kufungua daftari. Mimi nimerudi kutoka Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, nilikosomea shahada ya uzamili ya uendelezaji wa biashara ndogo. Wa tatu ni rafiki yangu wa Tanga, Mwislamu, ambaye kule tulikaa ghorofa moja ya bweni na huku alikuja kunisalimia. Mjomba amempachika jina la Mtanga, na limemganda.

Swali lenyewe lilikuwa hili: kanisa linapompokea mwanafunzi wa ugenini kwa koti, supu na fedha ya dharura, limeshafanya ushirika naye, au limemfadhili tu? Nimeandika tulivyosema, nikiondoa pale tulipodakiana maneno.

MJOMBA: Mpwa wangu, tangu umerudi unatusimulia baridi na treni. Mimi nataka habari za kanisa. Watu wa Leipzig ndio walioleta misheni ya Kilutheri hapa mlimani mwaka 1893. Wewe ni tunda la kazi yao, na umekwenda mpaka kwao. Walikupokeaje?

MIMI: Walinipokea vizuri mno, mjomba. Ndiyo shida yenyewe.

MJOMBA: Vizuri mno imekuwa shida lini?

MIMI: Ngoja nikueleze. Jumapili ya kwanza nilikwenda kwenye usharika uliokuwa karibu na bweni. Ibadani tulikuwa watu ishirini na kitu, wengi wenye mvi. Baada ya ibada kuna kahawa na keki. Mama mmoja akanishika mkono, akaniuliza nina koti la baridi. Nikasema ninalo. Jumapili iliyofuata akaniletea lingine. Kufika Krismasi nilikuwa na makoti matatu, sufuria mbili na blanketi. Kila aliyenisogelea aliniuliza nahitaji nini. Siku moja nikachukua vikombe vya kahawa kwenda kuviosha, yule mama akanipokonya taratibu, kwa tabasamu kabisa: "Hapana, wewe ni mgeni wetu." Huo ulikuwa mwezi wangu wa kumi na nne kule.

MJOMBA: Umepewa makoti matatu, unalalamika. Shukrani ya punda mateke!

MIMI: Silalamikii koti, mjomba. Lilinifaa sana, kule baridi inashuka chini ya sifuri. Nalalamikia kikombe. Halafu kulikuwa na Jumapili ya marafiki wa Tanzania. Nikaombwa nije na kitenge na niimbe. Ukutani wakaonyesha picha za mradi wa vyerehani kwa akina mama wa huku kwetu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naandika tasnifu juu ya mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Ningeweza kuwaambia kwa nini vyerehani vingi vya msaada huishia kufunikwa kitambaa pembeni mwa chumba. Hakuna aliyeniuliza. Nilipewa kikapu cha sadaka nikizungushe. Nikachangisha fedha kwa ajili ya watu wangu, mbele yangu mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe.

MTANGA: Mzee, hapo naomba niseme. Siku ile alirudi bwenini akavua kitenge akakitupa juu ya kabati. Sikumwona amekasirika vile tena, hata alipofeli hesabu za takwimu.

MJOMBA: Pole, mama. Lakini tusiwahukumu wenzetu kwa mila yetu. Huenda kwao ndiyo heshima, mgeni hashiki kitu.

MIMI: Na sisi tuna mila gani? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

MJOMBA: Naam. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia methali hiyo alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962.

MIMI: Alitaka kusema kila mtu afanye kazi, asiwepo mnyonyaji. Lakini ughaibuni niliisikia upande wake wa pili. Kumbe jembe ni cheti. Ukipewa, umeingia nyumbani. Usipopewa, hata ukilala pale miaka miwili bado uko sebuleni.

MTANGA: Mimi hapo ndipo tunapoachana. Siku zote unaisema hiyo methali kama mtu aliyekwenda kanisani. Mimi nilikwenda kuomba.

MJOMBA: Kuomba nini, binti yangu?

MTANGA: Fedha, mzee. Mjerumani hakupi viza ya kusoma mpaka uonyeshe fedha ya mwaka mzima imewekwa benki. Mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904, na kila mwezi unaruhusiwa kutoa sehemu yake tu. Sheria inakuruhusu kufanya kazi siku 140 kwa mwaka, ukizipata. Mwaka wa pili biashara ya baba ikayumba, fedha haikuja. Kodi ya chumba ikafika, bima ya afya ikafika. Mtu akaniambia, nenda kwa jumuiya ya wanafunzi wa Kiprotestanti, wana mfuko wa dharura kwa wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Unasaidiwa na Brot für die Welt, shirika la makanisa lililoanzishwa mwaka 1959. Nikaenda na hijabu yangu, moyo unadunda. Nilishajiandaa: wakiniambia nije kwenye ibada, nitakuja mara moja, nitakaa nyuma. Mchungaji, mwanamke wa makamo, akanitaka barua ya chuo, taarifa ya benki na maelezo ya matatizo. Dini hakuuliza. Wiki hiyo hiyo nikalipa kodi.

MJOMBA: Hakukwambia hata "Mungu akubariki"?

MTANGA: Alinipa chai. Sasa mzee, ningepewa jembe siku ile, mimi lingekuwa ndoano. Wangesema, "Dada, njoo usaidie kupanga viti siku ya ibada," ningekuja, maana nadaiwa. Ningepanga viti huku nikijiuliza kama ninauza imani yangu kwa kodi ya miezi miwili. Kwangu mimi walinipenda walipoacha kuniomba kitu.

MJOMBA: Ahaa. Sasa niruhusuni mzee wenu niwapinge wote wawili. Huyu analia hakupewa kazi, yule anafurahi hakuambiwa neno. Mimi nauliza: kanisa lilikuwa wapi hapo? Kutoa fedha hata benki inatoa. Supu hata hoteli inatoa. Kanisa lisilotaja jina la Yesu kwa mwenye njaa limebaki shirika, lina mhuri na risiti.

MTANGA: Lingetaja nisingerudi.

MJOMBA: Basi usingerudi! Angalau ungejua ulipokwenda. Mpwa wangu, kule si ndiko kwenye lile kanisa la maombi ya Jumatatu?

MIMI: Nikolaikirche. Maombi ya amani yalianza mwaka 1982, enzi ya serikali ya kikomunisti. Mlangoni waliweka maandishi kwamba kanisa liko wazi kwa wote. Mwaka 1989 likajaa wasioamini, waliokatazwa kusafiri, hata wapelelezi wa serikali. Tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 wakaandamana kuzunguka mji na mishumaa, askari wasifyatue risasi. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

MTANGA: Unaona, mzee? Mlango wazi, bila kuulizana dini, na nchi ikabadilika.

MJOMBA: Naona sana. Na baada ya hapo wale 70,000 walikwenda kanisani Jumapili?

MIMI: Hawakwenda. Leipzig ya leo wakazi wengi hawana dini yoyote.

MJOMBA: Ndipo ninaposema. Uliwafungulia mlango, hukuwaambia nyumba ni ya nani. Wamepumzika, wamenawa, wameondoka.

MIMI: Mjomba, kuna upande mwingine. Serikali ile iliwaminya Wakristo miaka arobaini. Aliyebatiza mtoto wake alijua mtoto anaweza kukosa nafasi chuoni. Watu waliokua hivyo hawapendi kumsukuma mtu. Wamesukumwa vya kutosha. Na wanaijua historia yao hapa kwetu, pengine kuliko sisi. Wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa kule Meru mwaka 1896, na kambi ya wanajeshi wa Kijerumani ilikuwa jirani. Watu wa Meru wangewezaje kutenganisha Biblia na bunduki zilizofika pamoja? Miaka minne baadaye, hapa hapa Old Moshi, Wajerumani wakamnyonga chifu wetu, Mangi Meli, pamoja na wenzake.

MJOMBA: Mti aliponyongewa unaonyeshwa hadi leo. Na kichwa chake wajukuu wanakitafuta hadi leo.

MIMI: Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule vimelingana na vya familia za hapa Kilimanjaro. Mwaka huo huo rais wao, Steinmeier, akaomba msamaha Songea kwa yaliyofanyika wakati wa Maji Maji. Sasa mtu mwenye historia hiyo, akiona msichana wa Kichaga ameingia kanisani kwake, atathubutu kumwambia "shika ufagio"? Anaogopa. Anampa koti.

MJOMBA: (Kimya kidogo.) Hilo sikulifikiria. Lakini ukumbuke mmisionari Gutmann naye alitoka huko huko Leipzig, akafanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938. Yule hakuja kugawa makoti. Alikaa chini na wazee akaandika mila zetu kitabu kwa kitabu. Akasema usharika usijengwe hewani. Ujengwe juu ya vitu vitatu ambavyo Mchaga tayari anavyo: ukoo, ujirani na rika.

MIMI: Mjomba, umenifungulia mlango. Hebu pima Leipzig kwa vipimo hivyo. Ukoo, sikuwa nao. Ujirani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta nilijua viatu vyake mlangoni, sura yake sikuijua vizuri. Kwa hiyo ule usharika wa makoti haukuwa na mahali pa kunishikia. Lakini rika lilikuwepo! Jumuiya ya wanafunzi ilikuwa rika tupu. Jioni moja kila wiki, ibada fupi ya robo saa, kisha tunapika. Na ukutani kuna karatasi ya zamu. Wiki yangu ya pili tu nikaona jina langu: kuosha vyombo, mimi, Mkorea mmoja na mvulana wa Cameroon. Nilikaribia kulia kwenye sinki.

MTANGA: Ulilia. Ulinisimulia.

MIMI: Nililia. Na Ramadhani ilipofika, nani alipika pilau ya futari kwenye jiko lile lile?

MTANGA: Mimi. Lakini sikupangwa kwenye karatasi. Nilijitolea mwenyewe, miezi mitano baada ya fedha ile, nilipokuwa sidaiwi tena. Hiyo tofauti usiifiche.

MIMI: Siifichi. Labda ndiyo jibu: jembe lipewe aliyelitaka, lisibebeshwe aliyekuja na njaa.

MJOMBA: Sasa niulize la ndani. Mbona ule usharika mwingine hawakukupa bahasha? Hapa kwetu mtu akihamia, kitu cha kwanza ni namba ya bahasha. Asiye na bahasha ni mpita njia.

MIMI: Kule hakuna bahasha, mjomba. Ukijiandikisha makazi manispaa unaulizwa dini. Ukiandika Mprotestanti, na una mshahara unaotozwa kodi, mwajiri anakata na kodi ya kanisa: katika jimbo la Saxony, ilipo Leipzig, ni asilimia 9 ya ile kodi yako ya mapato. Inakwenda yenyewe, hujawahi kuishika. Mwanafunzi kama mimi hana cha kukatwa. Kwa hiyo kwenye vitabu vya walipaji sipo. Mchungaji analipwa, mpiga kinanda analipwa, mtunza jengo analipwa. Hawaegemei ndizi zangu wala mayai yangu. Kwetu, mnada ule wa baada ya ibada, mama mzee anayeleta mkungu mmoja anajua kanisa lina bati kwa sababu yake. Kule mtu akichoka, anakwenda ofisi ya serikali, anatia saini kwamba ametoka. Mwaka 2023 walitoka katika makanisa ya Kiprotestanti watu takriban 380,000.

MJOMBA: Laki tatu na themanini elfu! Mwaka mmoja?

MIMI: Mmoja. Ndiyo maana nasema, aliyeninyima kikombe hakuwa na roho mbaya. Mfumo wao haumhitaji mtu, na mtu asiyehitajika utamfanyia nini zaidi ya kumhurumia?

MTANGA: Mwambie mzee habari ya kizibao.

MIMI: Katika stesheni kubwa za Ujerumani kuna huduma inaitwa Bahnhofsmission, misheni ya stesheni. Ilianza Berlin mwaka 1894, kwa ajili ya wasichana waliofika mjini kutafuta kazi na kuangukia mikononi mwa matapeli. Waprotestanti na Wakatoliki wanaiendesha pamoja. Serikali ya Ujerumani Mashariki iliipiga marufuku mwaka 1956; ukuta ulipoanguka ikarudi. Nilikwenda kuuliza kama wanamhitaji mtu mwenye Kijerumani cha kubabaisha. Wakanipa kizibao cha buluu. Jumamosi asubuhi namvusha kipofu kutoka jukwaa hili hadi lile, namshika mzee mwenye mizigo, namimina chai kwa mlevi aliyelala nje usiku. Mjomba, siku ya kwanza bibi wa Kijerumani alinijia moja kwa moja kati ya umati wote ule, akanipa begi lake. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliona kizibao. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile mtu alikuwa na shida, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu.

MJOMBA: Hapo mlihubiri?

MIMI: Hatukuhubiri. Anayetaka kuombewa anaomba. Mmoja aliomba, mzee aliyefiwa na mke. Nilimwombea Baba Yetu kwa Kiswahili, maana Kijerumani kilinikimbia. Alilia, akanishukuru, akapanda treni.

MJOMBA: Basi hilo ni kanisa. Nakubali. Lakini ona, aliomba kwa sababu alijua msalaba ulioko kwenye kile kizibao. Jina lilikuwepo, ila halikupigiwa kelele.

MTANGA: Hapo hata mimi nakubali. Mtu ajue nyumba ni ya nani, halafu aachwe achague chumba. Ila mzee, mimi nina swali la nyumbani. Juzi nilishuka stendi ya Moshi saa tano usiku, basi lilichelewa. Wapiga debe wanne wamenizunguka, kila mmoja anavuta begi. Hapa mlimani makanisa yamejaa kila kona. Nani pale stendi alikuwa na kizibao?

MJOMBA: (Anacheka kwa aibu.) Hakuna, mama.

MIMI: Na yule kijana wa Kijerumani aliyekaa usharikani kwetu mwaka mzima kujitolea?

MJOMBA: Usinikumbushe.

MIMI: Wewe ndiye uliyenisimulia kwenye simu. Kila Jumapili anaambiwa wageni wasimame, anasimama. Mwaka mzima mgeni! Kiti cha mbele, soda ya kwanza. Siku ya kumwaga zege la ukumbi alikuja na nguo za kazi, akashika karai. Mkafanya nini?

MJOMBA: Nilimnyang'anya mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Wewe ni mgeni wetu, kaa kivulini." Akakaa. Akawa anachora chini kwa kijiti kama mtoto aliyenyimwa kucheza. Nikaona nimemheshimu.

MIMI: Na yule mama wa Leipzig aliona amenikarimu.

MJOMBA: Karai na kikombe. (Anaweka kikombe chake chini.) Haya. Lakini bado msimamo wangu ni ule ule: mwisho wa yote kuna Neno. Mtu hawezi kuishi kwa zamu ya vyombo peke yake.

MTANGA: Mzee, naomba nikushtaki kwa ushahidi wako mwenyewe. Nimefika hapa Alhamisi usiku. Ijumaa ulitaka kuchinja kuku. Ukamtuma mtoto hadi kwa yule jirani Mwislamu wa chini barabarani, aje achinje yeye, ili na mimi nile. Kuku amechinjwa, ameliwa. Hukuniambia neno moja juu ya dini, wala hukutaka nijue kwamba umetuma mtu. Nilimwona mwenyewe dirishani. Je, lile lilikuwa shirika lenye mhuri na risiti?

Mjomba hakujibu. Alitazama migomba kwa muda, halafu akatazama saa. Giza lilikuwa linaingia, na kutoka jikoni sauti iliuliza kama mtori utajipika wenyewe. Mjomba akainuka, akaingia ndani, akarudi na visu vitatu. Kimoja akanipa mimi, kimoja akabaki nacho. Cha tatu akamnyooshea Mtanga, mpini mbele.

MJOMBA: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nimehesabu vizuri?

MTANGA: (Anacheka.) Umehesabu vizuri. Lakini nakwambia mapema, mzee wangu: nitamenya ndizi, na kesho kanisani siji.

MJOMBA: Kanisani kakuita nani? Nimekuita jikoni. Njoo, na ukimenya paka mafuta mikononi kwanza, utomvu wa hizi ndizi haumjui mgeni.